Saksafoni Niliyoichagua Bila Kuipuliza

Siku ya ishirini na saba baada ya kumzika kaka yangu, nilipanda basi Iringa kwenda Mbeya kuchagua saksafoni ya tenori, nikiwa nimeahidi kwamba sitaipuliza. Naliweka jambo hili mwanzoni kabisa, maana kila niliyewahi kumsimulia hunikatiza papo hapo: sasa chombo cha kupuliza utakichaguaje bila kukipuliza? Huwa najibu kwamba nilichagua, na kwamba nusu yake nilichagua vizuri sana.

Kaka alikufa kwenye mlima wa Kitonga. Bendi yetu ilikuwa imetoka kupiga Morogoro, na tulirudi kwa lori la mizigo, watu na vyombo pamoja juu ya magunia. Kaka hakukubali saksafoni yake ilale na mizigo mingine. Aliipakata. Lori lilipozimika mlimani likaanza kurudi nyuma na breki zikakataa, dereva aliligonga kwenye ukuta wa mlima ili lisiende bondeni, likalala ubavu. Sisi wengine tulirushwa kwenye majani. Yeye alibaki chini ya ubao wa lori na saksafoni yake, vyote viwili vimepondeka. Mimi nilichubuka kiwiko. Kiwiko kile nilikiuguza kwa siku nyingi, nikikisafisha kwa maji ya chumvi asubuhi na jioni, kwa bidii ambayo sikuwa nayo kwa jambo lingine lolote.

Sikulia. Waliokuja matangani walinishika bega wakasema nimejikaza kiume. Sikujikaza, hakukuwa na kitu cha kukaza. Nilikuwa na ganzi mwili mzima, kama mguu uliokaliwa, ila mguu ukikaliwa unajua baada ya muda utaamka. Nilikula nilichopewa. Nilijibu salamu. Mtu akiniuliza nimelalaje, nilimwambia nimelala salama, na ilikuwa kweli.

Bendi yetu ilikuwa chama hasa, kama vilivyokuwa vyama vya dansi miaka ile ya hamsini. Tulikuwa na katibu, na daftari la mahudhurio, na kura za kunyoosha mikono hata kwa habari ya rangi ya tai. Vyombo vyote vilikuwa mali ya chama. Mtu binafsi alikuwa na kiti tu, na kiti kilikuwa jambo kubwa. Kiti cha tenori kilikuwa mbele, katikati, na kilikuwa cha kaka. Mimi nilikaa nyuma yake na klarineti. Kwa miaka minne nilikitazama kisogo chake, nikamsikiliza akipiga, na nikakitaka kile kiti. Sikumwombea mabaya. Nilichoomba ni apate kazi Dar es Salaam, ya mshahara mzuri, ahamie huko, aoe, anitumie barua.

Baada ya hitima ya siku ya saba alikuja kiongozi wa bendi, fundi cherehani aliyetupigia gitaa. Alikaa nami barazani kwa muda mrefu akichezea uzi kwenye shati lake.

“Kiti cha marehemu ni chako,” akasema. “Hatukupiga hata kura. Sasa kuna Mgoa mmoja Mbeya, anahama mwisho wa mwezi. Ana tenori mbili za kazi, si zile za kujifunzia. Uende wewe mwenyewe, uchague utakayoipiga. Fedha ya chama inatosha saksafoni moja na kipulizio kimoja, basi.”

Kipulizio ni kile kipande kinachoingia mdomoni, ambacho tete, ubapa mwembamba wa mwanzi, hufungwa juu yake. Asiyepiga chombo hudhani ni kitu kidogo. Saksafoni ni bomba tu. Sauti ya mtu iko pale, kwenye mwanya ulio kati ya tete na ncha ya kipulizio, mwanya ambao hata kucha haipiti.

Nilimwambia nitakwenda. Nilipomweleza mama, alikuwa akipepeta mchele uani pamoja na majirani waliobaki kumsaidia. Hakuacha kupepeta.

“Nenda,” akasema. “Lakini usitie chombo mdomoni mpaka arobaini ya mwenzio ipite. Niahidi, baba.”

“Nimeahidi, mama.”

Kwetu hilo halikuwa jambo la kubishania. Babu zangu walitoka Bagamoyo wakaja na biashara zao Iringa, na pamoja na biashara walikuja na taratibu zao. Nyumba yenye msiba haikupigwa chombo mpaka hitima ya arobaini isomwe. Hata jirani yetu wa ukuta mmoja, ambaye hakuwa Mwislamu, alikuwa ameifunika santuri yake kwa kitambaa bila kuambiwa. Kwa hiyo hakuna aliyeshangaa kwamba niliahidi. Mimi nilishangaa kidogo jinsi nilivyoahidi haraka.

Nilifuatana na mpiga alto wetu, ile saksafoni ndogo kuliko tenori. Alikuwa Mnyakyusa wa Tukuyu, dresa wa kufunga vidonda katika hospitali ya Iringa, mtu mnene wa kifua na mchache wa haya. Yeye ndiye angepuliza, mimi ndiye ningesikiliza na kuamua.

“Yaani wewe unakwenda kuonja mchuzi kwa kidole,” akaniambia tukiwa stendi. “Sijaona mpishi namna hii.”

“Wewe utaonja. Mimi nitakutazama uso.”

“Uso wangu mchuzi wowote unasema mtamu, ndugu yangu. Usiutegemee.”

Njia ilikuwa ya vumbi mpaka Mafinga, kisha ya ukungu, kisha ya vumbi tena kwenye nyanda za Usangu. Tulilala Chimala kwa mtu aliyekodisha vitanda. Mwenzangu alizungumza njia nzima juu ya wagonjwa wake, wanaokunywa dawa ya kupaka na kupaka ya kunywa. Alikuwa akinifanyia hisani na nilijua. Nilicheka mahali pa kucheka. Kati ya mambo yote ya safari ile, ninachokumbuka vizuri ni mshono wa kiti kilichokuwa mbele yangu. Ulikuwa umefumuka kwa urefu wa shubiri moja, na mtu alikuwa ameushona upya kwa waya.

Mbeya tulifika asubuhi, baridi ikiwa bado imeukalia mji na mlima Loleza haujafunuka. Nyumba ya Mgoa ilikuwa karibu na ofisi za serikali, alikokuwa karani kwa miaka mingi. Mwisho wa juma alikuwa akipiga saksafoni kwenye klabu ya Wazungu. Mkewe alikuwa sebuleni akifunga sahani kwa magazeti na kuzipanga ndani ya makasha. Yeye mwenyewe alitukaribisha kwenye chumba cha nyuma. Alikuwa mzee mwembamba, mwenye meno meupe yaliyopangika kupita kiasi.

“Ya kununua haya,” akasema alipoona nayatazama. Akayagonga kwa ukucha. “Yangu yaliisha. Kwa meno ya kununua unaweza kula nyama, lakini tenori huwezi. Nimejaribu mwaka mzima.”

Alisema hivyo bila huzuni yoyote, kama anayetaja bei ya sukari, na nikampenda papo hapo. Ilikuwa mara ya kwanza tangu Kitonga kukaa na mtu ambaye hakutaka nionyeshe uso wa namna fulani.

Alifungua masanduku mawili kitandani. Tenori moja ilikuwa ya rangi ya dhahabu, mpya, inang'aa mpaka unajiona. Ya pili ilikuwa ya fedha, kuukuu, imesuguka mahali pa vidole gumba, na ilikuwa na bonyeo dogo lililonyooshwa karibu na mdomo wake mpana. Mwenzangu alikwenda moja kwa moja kwenye ile ya dhahabu. Nilimwambia asubiri.

Nikamwomba Mgoa karatasi ya kuvingirishia sigara. Alinitazama, safari hii vizuri, akaingiza mkono mfukoni akanipa kijitabu kizima.

Kazi hii alinifundisha kaka. Unachukua ukanda mwembamba wa karatasi, unauweka chini ya pedi ya ngozi inayoziba tundu, unakibonyeza kitufe taratibu, bila nguvu, kisha unauvuta. Ukishikwa, pedi inaziba. Ukitoka bure, hewa nayo itatoka bure. Unafanya hivyo pande zote za kila pedi, kuanzia juu mpaka chini. Ni kazi ya kuchosha na haina utamu wowote, na mimi niliifanya kwa zaidi ya saa nzima nimepiga magoti sakafuni, vidole vikiuma kwa baridi. Ile ya dhahabu ilivujisha mahali panne. Vitufe vyake vilikuwa vimelegea, vinagongana kila unapovitikisa. Ile ya fedha ilivujisha mahali pamoja tu, kwenye kitufe cha kidole kidogo, kasoro ya kurekebishwa na fundi yeyote wa saa. Springi zake zilikuwa laini na zote zilikuwa sawa. Niliweka sikio kwenye bomba, nikafunga vitufe vyote kwa pamoja, nikasikia mlio wa chini wa hewa inayobanwa. Ilikuwa nzima.

“Hii,” nikasema.

“Umechagua kama mtu wa kazi,” Mgoa akasema. “Ile nyingine nilimnunulia mwanangu. Hakupiga hata wiki.”

Hapo sikukosea, na mpaka leo sijutii. Mikono yangu ilifanya kilichoipasa. Kilichobaki kilikuwa kipulizio.

Mgoa alileta kopo la biskuti lililotandikwa pamba. Ndani mlikuwa na vipulizio sita au saba, akatoa viwili akaviweka juu ya leso. Kimoja kilikuwa cha mpira mgumu mweusi, mwanya wake mdogo. Cha pili kilikuwa cha chuma, chembamba, mwanya wake mpana kuliko wowote niliopata kuuona.

“Hiki cheusi ni cha mtu anayetaka kuzungumza na watu,” akasema. “Hiki cha chuma ni cha jazi. Kinakwenda mpaka ukuta wa mwisho wa ukumbi, na kinarudi. Nani atapiga?”

“Mimi,” nikasema. “Lakini atapuliza yeye.”

Ikabidi nimweleze. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaitikia kwa kichwa kwa heshima, akasema anaelewa. Mama yake mwenyewe alivaa nguo nyeusi miaka kumi na moja. Halafu akasema: “Lakini bwana, kipulizio ni kiatu. Mwenzako hawezi kukujaribia kiatu.”

Mwenzangu alilowesha tete mdomoni, akaifunga kwenye kile cheusi, akapuliza. Ilitoka sauti nzuri, ya mviringo, ya mtu mwenye adabu. Alipiga kipande cha wimbo wetu wa kufungulia dansi. Mke wa Mgoa aliacha kufunga sahani sebuleni. Mimi nilikaa kwenye ukingo wa kitanda nikasikiliza, sikusikia kibaya, wala sikuhisi chochote.

Akabadilisha. Cha chuma kilipoingia, sauti ya kwanza ilikwaruza. Akalegeza midomo, akavuta pumzi mpaka vifungo vya shati vikalalamika, akapuliza tena.

Ilikuwa sauti ya kaka. Sisemi ilifanana nayo. Ule mkwaruzo mwanzoni mwa kila sauti, ile namna ya kuingia kwa kishindo kisha kulainika, vilikuwa vyake. Miaka minne nimevisikia nikiwa nyuma ya kisogo chake, nisingeweza kukosea. Mwenzangu alisimama katikati ya kipande, akakitoa kipulizio mdomoni, akanitazama. Yeye pia alikuwa amesikia. Macho yake yalijaa machozi, akayafuta kwa mkono wa shati bila kuona haya.

Nilingoja na mimi nijaliwe kitu. Nilitazama leso, kopo la biskuti, na pamba. Hakuna kilichokuja.

“Hiki,” nikasema.

Mgoa alikaa kando yangu. “Nakuuliza. Wewe unapiga nini?”

“Klarineti.”

“Mpiga klarineti anabana. Midomo yake imezoea kubana. Kipulizio hiki ukikibana kinaziba, hakisemi neno. Huyu ana kifua na midomo ya alto, amelegea, ndiyo maana kinamtii. Kwako wewe ningesema cheusi.” Aliniwekea kile cheusi mkononi. “Lala hapa Mbeya leo. Kesho asubuhi njoo upulize mwenyewe, vyote viwili, mara moja tu. Nitafunga mlango na dirisha. Hata mke wangu nitamtoa aende sokoni.”

“Nimeahidi.”

“Mara moja tu.”

“Nimeahidi, mzee.”

Mgoa hakunisihi tena. Alikisafisha kile cha chuma kwa kitambaa, akakitia kwenye mfuko mdogo wa bluu ulioshonwa na mkewe, akanipa. Cheusi alikirudisha kwenye pamba.

Tulirudi Iringa na sanduku nikiwa nimeliweka miguuni. Sikulipakata.

Siku zilizobaki za msiba saksafoni ilikaa chini ya kitanda changu. Mama alifagia chumba akaizunguka. Arobaini ikafika, watu wakajaa uani, hitima ikasomwa, pilau likaliwa, na jirani akaifunua santuri yake. Kesho yake asubuhi nilikwenda kwenye chumba kilichokuwa nyuma ya duka la kiongozi wetu, tulipokuwa tukifanyia mazoezi. Nikaiunganisha saksafoni, nikalowesha tete, nikaivaa shingoni, nikapuliza.

Ilitoka hewa tupu.

Nilipuliza tena, ikapiga kelele ya bata. Mara ya tatu ikatoa sauti moja, nyembamba, ikakatika. Nilikumbuka maneno ya Mgoa, nikalegeza midomo. Nilipoilegeza hewa ikavuja pembeni na mate yakanichirizika kidevuni. Nilipokaza, ikaziba. Nilikwangua tete kwa wembe ili iwe nyepesi, nikaharibu mbili. Nilifanya hivyo kila siku kwa majuma mawili. Mdomo wa chini ulichanika ndani, nikawa nakula uji uliopoa. Wenzangu walipopita mlangoni walitembea kwa vidole, na jambo hilo liliniudhi kuliko kama wangecheka.

Mpiga alto peke yake ndiye aliyeingia. “Miezi mitatu,” akasema. “Midomo ni nyama, itajifunza.”

“Hatuna miezi mitatu.”

Hatukuwa nayo. Wenye ukumbi walikuwa wametupa dansi za Jumapili, saa tisa alasiri mpaka magharibi, na bendi nyingine ilikuwa ikiwazungukazunguka kwa kofia mkononi. Jumapili ya kwanza kiongozi aliniomba, kwa sauti ya chini na kwa adabu nyingi, nimwachie mwenzangu tenori kwa siku moja. Nilimwachia. Nilikaa nyuma na klarineti yangu. Kisogo kilichokuwa mbele yangu kilikuwa kinene zaidi, na sauti iliyotoka mbele yake ilikuwa ileile. Watu waliocheza pale walikuwa wamemjua kaka. Wimbo wa kwanza ulipoanza hawakucheza. Walisimama tu katikati ya ukumbi, wanaume wakiwa bado wamewashika wanawake viuno, wakisikiliza. Mimi nilipiga sehemu yangu yote bila kukosea hata mahali pamoja.

Jumatatu mama aliniuliza. Nilikuwa jikoni naupoza uji.

“Mdomo umekuwaje?”

“Kipulizio. Hakinikubali.”

“Si umekichagua mwenyewe?”

“Nilichagua kwa kusikia. Sikukipuliza.”

“Kwa nini hukukipuliza?”

Nilimtazama. “Mama, ulinikataza.”

Aliweka mwiko juu ya sufuria. “Nilikukataza hapa,” akasema. “Uani mna watu, msiba umetandikwa, ningeuweka wapi uso wangu? Mbeya nani angekusikia? Mtu anatumwa kununua, anakwenda kununua kitu asichokijua?” Kisha, taratibu zaidi: “Ungeniuliza, mwanangu. Mbona hukuniuliza?”

Jibu nililijua. Nililijua siku ile ile uani, alipokuwa akipepeta mchele, na nililijua kwenye ukingo wa kitanda cha Mgoa, aliponiambia atafunga dirisha. Mama alikuwa akikataza kelele nyumbani kwake; hakuna mtu mwenye akili ambaye angeelewa vinginevyo. Niliikumbatia ahadi ile kwa sababu ilinifaa. Nilikuwa nimekitaka kiti cha kaka miaka minne, kikaja, na niliogopa kutia mdomo wangu pale wa kwake ulipokuwa. Ningepuliza vizuri, ningekuwa mtu aliyefaidika na Kitonga. Ningepuliza vibaya, ingejulikana sikustahili hata kukitamani. Basi nikapeleka mdomo wa mtu mwingine, nikasikiliza, nikachagua sauti ambayo haikuwa yangu. Nilijisikia mjinga na mwongo kwa pamoja, na hiyo ilikuwa nafuu kidogo, kwa kuwa angalau nilihisi kitu.

Juma lile mpiga alto aliitisha mkutano wa chama. Alikuwa amemtafuta dereva wa lori aendaye Nairobi, na dereva alileta habari kwamba duka moja la Mhindi huko lingekipokea kipulizio cha chuma na kutupa cha mpira mweusi badala yake, mwanya mdogo, bila kuongeza kitu. Dereva alikuwa akiondoka kesho yake.

“Kiti ni cha ndugu yetu,” akasema, amesimama, mikono nyuma. “Mimi nina alto yangu, sina haja nacho. Tubadilishe, apige kwa mdomo wake. Na kwa kuwa jambo lenyewe linanihusu, mimi sipigi kura.”

Kiongozi alisema tuamue kama kawaida. Wanaotaka kubadilisha wanyooshe mikono. Ikanyooshwa mitatu, na mmoja ulikuwa wake. Wanaotaka kibaki. Ikanyooshwa mitatu. Mpiga ngoma, aliyenyoosha upande huu wa pili, alinigeukia akasema, “Si kwamba sikutaki. Tukikitoa hicho, marehemu ameondoka kabisa.” Akainamisha kichwa.

Tulikuwa wanane chumbani. Mpiga alto akiondolewa, mkono ambao haukunyooshwa ulikuwa wangu. Wote walinitazama, na hakuna aliyenihimiza.

Nilifikiri juu ya kile cheusi. Nilijua ningekiweza, ningekipiga kwa adabu, sauti ya mviringo, na baada ya mwaka watu wangezoea. Ningekuwa mpiga tenori. Na kile cha chuma kingekuwa ndani ya kopo la mtu Nairobi.

“Kibaki,” nikasema, na nikaunyoosha mkono ili katibu aandike.

Mpiga alto alinitazama kwa hasira hasa. “Unajua unachofanya?”

“Najua. Kiti chukua wewe.”

Jumapili iliyofuata ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Katika wimbo wa tatu kulikuwa na mahali pangu, mistari minane ya klarineti peke yake, baada ya tenori. Mwenzangu alipiga sehemu yake. Aliingia kwa mkwaruzo, akalainika, akakaa kwenye sauti ya juu kwa muda mrefu kama kaka alivyopenda, kisha akageuza bega kunipisha. Niliinua klarineti. Midomo haikushika. Ilikuwa inatetemeka, na uso ulikuwa umelowa, na kifua kilikuwa kinapanda na kushuka bila ruhusa yangu. Nilipojaribu kuvuta pumzi ya kupigia, kilichotoka ni kilio, cha sauti, mbele ya watu, kilio cha mtoto mdogo. Mwenzangu alinitupia jicho mara moja tu. Akarudisha bega lake, akaipiga na mistari yangu minane, mmoja baada ya mwingine, kwa sauti ya kaka yangu, nami nikakaa nyuma yake nikilia mpaka wimbo ukaisha.